Ngoma isiyokanyaga ardhi: Mchezaji anavyoonja hali ya kukosa uzito

UKISIMAMA katika gati la Kisorya, wilayani Bunda mkoani Mara, ukisubiri kivuko cha kwenda Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe, utaona mambo mawili ambayo wakazi wa hapo wameyazoea kiasi cha kutoyatazama tena. La kwanza ni malori yenye shehena nzito kupanda juu ya chombo cha chuma, na chombo hicho kikaelea juu ya maji ya Ziwa Victoria. La pili ni watoto wanaoruka majini kwa mbio na vifijo, miguu yao ikining'inia hewani kwa muda usiotosha hata kukonyeza jicho kabla ya ziwa kuwapokea.

Ukimuuliza mpita njia ni kipi kati ya hivyo viwili kimepoteza uzito wake, bila shaka atakuonyesha kivuko. Atakuwa amekosea. Kivuko kile kina uzito wake wote, ila maji yanakibeba. Aliyekosa uzito kweli, kwa maana ileile wanayoitumia wataalamu wa safari za anga, ni mtoto aliye hewani.

Jambo hili, ambalo kwa miaka zaidi ya 30 sasa limewavuta watunzi wa dansi kupanda ndege maalumu kwenda kulijaribu, lina mizizi katika ngoma zetu wenyewe. Makala haya yanajaribu kueleza hali hiyo ni nini, mchezaji ngoma anaipataje, na kwa nini mtu anayeishi mbali na roketi anapaswa kuifahamu.

Uzito tunaouhisi si mvutano

Wengi wetu tulifundishwa, au tulisikia tu mitaani, kwamba wanaanga huelea kwa sababu huko juu mvutano wa dunia haufiki. Dhana hiyo si sahihi. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka dunia kikiwa katika kimo cha takribani kilomita 400. Kwa kulinganisha, umbali huo unakaribiana na ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka. Katika kimo hicho nguvu ya mvutano bado ni takribani asilimia 90 ya ile iliyopo ardhini. Lau mtu angejenga mnara wa kimo hicho na kusimama kileleni, angejihisi mzito karibu kama alivyo sokoni Kariakoo.

Kinachotofautisha ni kwamba kituo kile hakijasimama, bali kinaanguka. Kinakwenda mbele kwa kasi ya takribani kilomita 28,000 kwa saa, na wakati huohuo kinaanguka kuelekea duniani. Lakini kwa kuwa dunia ni mviringo, kila kinapoanguka uso wa dunia nao unajipinda kukiepuka. Hivyo kinaanguka siku zote bila kufika chini, na kuikamilisha duara moja kwa takribani dakika 90.

Afrika Mashariki inao mfano wake wa historia. Desemba 12, 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Tangu siku ile hadi ilipoisha safari yake mwaka 1979, setilaiti hiyo ilikuwa katika anguko refu kuizunguka dunia.

Sasa, mwili wetu hauna kiungo kinachohisi mvutano wenyewe. Tunachokihisi na kukiita uzito ni kile kinachotuzuia tusianguke: sakafu inayosukuma nyayo, kiti kinachosukuma makalio, kitanda kinachosukuma mgongo. Kizuizi hicho kikiondoka, hisia ya uzito huondoka nayo. Msomaji anayepanda daladala anaijua hali hii. Dereva akipita tuta kwa kasi, abiria wa kiti cha nyuma hujikuta wameachana na kiti, matumbo yakiwapanda kifuani. Anayeshuka kwa lifti katika jengo refu naye huhisi wepesi wa ghafla lifti inapoanza kuteremka. Katika mfano wa kwanza uzito umetoweka kabisa kwa nukta, na katika wa pili umepungua kidogo tu.

Hivyo basi kila kitu kilichoachiwa kianguke bila kizuizi, iwe ni setilaiti, embe lililochomoka mtini au mtoto wa Kisorya, kimekosa uzito hadi pale kitakapogota. Wanafizikia huiita hali hiyo anguko huru.

Sehemu ya sekunde katika uwanja wa ngoma

Hapa ndipo ngoma inapoingia. Mchezaji anaporuka, tangu vidole vya miguu vinapoachana na ardhi hadi vinapoigusa tena, yumo katika anguko huru. Watu hudhani kwamba anaanguka wakati wa kushuka tu, lakini hata anapopanda yumo katika hali hiyohiyo, kwa sababu hakuna kinachomsukuma tena.

Hesabu yake si ngumu. Mchezaji hodari anayeinuka nusu mita hukaa hewani kwa takribani sekunde 0.64. Anayeinuka sentimita 20 hukaa kwa sekunde 0.4. Muda huo hautegemei unene wa mtu, umri wake wala mavazi yake. Katika ngoma za Wakurya wa Tarime zinazosindikizwa na zeze kubwa la litungu, wapo wachezaji wanaovaa viatu vizito vya mbao. Viatu hivyo humlazimu mchezaji kutumia nguvu nyingi zaidi kuinuka, lakini akishakuwa hewani, yeye na viatu vyake huanguka kwa mwendo mmoja, wala havimvuti chini. Ni kanuni ileile ambayo mwanaanga David Scott wa chombo cha Apollo 15 aliionyesha mwezini mwaka 1971, alipoachia nyundo na unyoya kwa pamoja na vikafika chini kwa wakati mmoja, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya.

Aidha, ipo sababu ya watazamaji kuapa kwamba mchezaji fulani "aliganda hewani". Katika kila mruko, nusu ya muda wote hutumika katika robo ya juu kabisa ya kimo. Mchezaji wa nusu mita hukaa karibu theluthi moja ya sekunde akipanda na kushuka katika sentimita 12 na nusu za mwisho tu. Jicho huona mtu aliyesimama angani. Wacheza baleti wa Ulaya huongeza hila yao: wanapokaribia kileleni huinua mikono na miguu, kitovu cha uzito kikapanda ndani ya mwili, na kichwa kikaenda kwa mstari ulionyooka badala ya kupinda. Wamasai katika mruko wao wa adumu hufanya kinyume chake. Huunyoosha mwili kama mkuki na kuruka papo hapo bila kuruhusu visigino viguse ardhi, ili mnyumbuko wa misuli na kano uwarudishe juu tena.

Ng'ambo ya pili, kwa Wasukuma wa mkoa wa Mwanza, ipo ngoma ya bugobogobo iliyotokana na kazi ya kulima kwa pamoja. Wachezaji hurusha majembe juu, yakazunguka hewani, kisha wakayadaka bila kupoteza mdundo. Anayetazama kwa makini ataona kwamba ingawa mpini na bapa la jembe vinapishana kwa fujo, iko nukta moja karibu na bapa inayochora mkunjo laini kana kwamba hakuna kinachozunguka. Nukta hiyo ndiyo kitovu cha uzito. Mchezaji wa bugobogobo hajaisoma darasani, lakini asingeweza kulidaka jembe kama mkono wake usingejua itakapokuwa.

Wachezaji wanaopanda ndege

Hata hivyo, theluthi mbili za sekunde hazitoshi mtu kujichunguza. Ndiyo maana wataalamu walibuni ndege inayoruka kama mchezaji ngoma. Nchini Ufaransa, katika uwanja wa Bordeaux, kampuni ya Novespace hutumia ndege ya abiria aina ya Airbus iliyoondolewa viti vingi na kuwekewa magodoro ukutani. Rubani huipandisha kwa mwinuko wa karibu nyuzi 50, kisha hupunguza nguvu za injini na kuiacha ifuate mkunjo wa jiwe lililorushwa. Kwa sekunde 22 hivi ndege na vyote vilivyomo huanguka pamoja, na watu huelea. Kabla na baada ya hapo, kwa sekunde 20 hivi kila mara, kila mtu huwa mzito karibu mara mbili ya kawaida. Zoezi hilo hurudiwa mara 31 katika safari moja, hivyo abiria hupata jumla ya dakika 11 hivi za kuelea, pamoja na kichefuchefu kisichochagua cheo.

Miongoni mwa waliozitumia safari za namna hiyo ni Kitsou Dubois, mtunzi wa dansi wa Ufaransa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 amekuwa akipanda ndege hizo kwa ushirikiano na shirika la anga la nchi yake, CNES. Swali lake lilikuwa la kisanii na la kisayansi kwa wakati mmoja: je, mtu aliyezoezwa kuusikiliza mwili wake kwa miaka mingi atatulia haraka kuliko wengine pale ambapo juu na chini havipo tena? Katika kazi yake amesisitiza kwamba mchezaji hubeba wima wake ndani ya mwili, na kwamba ujuzi huo unaweza kufundishwa kwa wanaanga.

Naye Dragan Živadinov wa Slovenia, Desemba 1999, alionyesha tamthilia ndani ya ndege ya mazoezi ya wanaanga wa Urusi, watazamaji wakielea pamoja na waigizaji. Wapo pia waliotafuta wepesi bila kupanda ndege. Mwaka 1970 mjini New York, Trisha Brown alimtembeza mchezaji akiwa amefungwa kamba kushuka ukutani kwa ghorofa, mwili wake ukiwa sambamba na barabara. Yule mchezaji hakukosa uzito hata kidogo, kwani kamba ilimshika wakati wote. Aliyebadilika ni mtazamaji, aliyelazimika kujiuliza sakafu iko upande gani.

Na huko angani kwenyewe, mwanamke wa kwanza mweusi kufika, Dk. Mae Jemison wa Marekani, alikuwa amejifunza dansi tangu ujana wake. Katika masomo yake ya udaktari aliwahi kufanya kazi na Madaktari Wanaoruka wa Afrika Mashariki. Aliporushwa na chombo cha Endeavour Septemba 1992, miongoni mwa vitu alivyochukua ilikuwamo picha ya kundi la dansi la Alvin Ailey.

Ngoma yetu ikifika huko

Tujaribu kumpeleka huko mchezaji wa ukanda wa ziwa, akiwa na njuga zake miguuni. Je, nini kitabaki katika ngoma yake?

Kitakachopotea kwanza ni kishindo. Ngoma zetu nyingi ni ngoma za ardhi. Mguu hupiga chini na chini hujibu. Katika hali ya kukosa uzito, ukiikanyaga sakafu mara moja tu, sakafu itakusukuma, nawe utapaa hadi ugonge dari kwa kichwa. Njuga zitalia zikitikiswa, kwa kuwa chombo kina hewa ya kubeba sauti, lakini hazitalia kwa kukanyaga.

Kitakachofuata kupotea ni mwendo wa mapigo. Si wengi wanaotambua kwamba mpiga ngoma anapoharakisha au kupunguza, anatii pia mvutano wa dunia. Mchezaji anayeruka nusu mita hawezi kurudi chini kabla ya sekunde 0.64 kwisha, hata angepigiwa kwa hasira kiasi gani. Mwezini, ambako mvutano ni moja ya sita ya wetu, msukumo uleule wa miguu ungempandisha mita tatu na kumrudisha baada ya karibu sekunde nne. Mpiga ngoma angelazimika kusubiri, na wimbo wa harusi ungegeuka kuwa wa matanga. Katika obiti mchezaji asingerudi kabisa, na ngoma ingekosa pa kuhesabia.

Cha tatu ni mabega. Ngoma zinazotikisa mabega na kiuno zinategemea miguu iliyotulia. Bila ardhi ya kujishikiza, kila unachokisukuma upande mmoja hukurudishia msukumo upande wa pili: ukizungusha mkono kulia, kiwiliwili kitageuka kushoto. Mchezaji atajifunza upya jinsi ya kugeuka, kama paka anayeanguka akajipinda na kutua kwa miguu. Hata kusimama "wima" kutambadilikia, kwani mwili usio na uzito ukiachwa utulie hukunja magoti kidogo na kuiacha mikono ielee mbele ya kifua.

Kitakachobaki ni kile ambacho walimu wa ngoma husema hakifundishiki kirahisi: kujua kila kiungo kiko wapi bila kukitazama, na kumsikia mwenzako bila kumgusa.

Ziwa kama chumba cha mazoezi

Wanaanga wasiokuwa angani hufanya mazoezi majini. Huko Houston, Marekani, shirika la NASA lina bwawa lenye urefu wa mita 62, upana wa mita 31 na kina cha mita 12, ambamo wanaanga waliovaa mavazi yao hufungwa vizito na maboya hadi wasizame wala wasielee juu. Ziwa Victoria ni pana kuliko bwawa hilo mara nyingi zisizohesabika, na kanuni ni ileile.

Tofauti ni hii: majini uzito upo ila umebebwa. Sikio la ndani bado hujua chini ni wapi. Lakini misuli hupata nafuu, na ndiyo maana waliovunjika au wenye maumivu ya viungo hufanyishwa mazoezi majini.

Kwa watu wa Kisorya na Ukerewe, jambo hili si la burudani. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Ajali kubwa kama hiyo ina sababu zake, na hakuna somo la kuelea linaloweza kuziba nafasi ya chombo salama na jaketi la kuokolea. Hata hivyo, ukweli kwamba mwili wa binadamu una uzito unaokaribiana sana na wa maji, na kwamba watu wengi wakijaza mapafu hewa na kulala chali kwa utulivu huelea, ni ujuzi ambao unaweza kumpa mtu dakika za kungoja msaada. Hofu humfanya mtu asimame wima majini na kupigapiga mikono. Mkono uliotoka nje ya maji haubebwi tena, bali humzamisha mwenyewe. Somo la kwanza la mchezaji, yaani kulegea na kuuamini mwili, ndilo pia somo la kwanza la kuelea.

Uzito ni neema

Mwisho, tusidanganyike kwamba kukosa uzito ni raha tupu. Mwanaanga asiyefanya mazoezi hupoteza kati ya asilimia moja na moja na nusu ya uzito wa mifupa ya nyonga kila mwezi. Misuli ya miguu hunywea, uso huvimba kwa majimaji yaliyopanda kutoka miguuni, na uti wa mgongo hurefuka na kuuma. Ndiyo sababu wanaanga hutenga takribani saa mbili kila siku kwa mazoezi. Mifupa hudumu kwa kugongwa na kubebeshwa mzigo. Isipodaiwa kazi, hujibomoa yenyewe.

Hali hiyo inafanana na yanayompata mzee anayekaa kitini mchana kutwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wengi wao ni wazee wa umri wa zaidi ya miaka 60. Mazoezi ya mizani ya mwili na kuimarisha miguu ni miongoni mwa kinga zinazopendekezwa. Bibi anayeingia uwanjani harusini na kukanyaga chini kwa mapigo anafanya, bila kuambiwa, jambo lenye manufaa yaleyale ambayo mwanaanga huyatafuta kwa mashine za gharama kubwa.

Ngoma zetu zimezoeleka kuitwa kupokea wageni rasmi uwanja wa ndege na kusindikiza mikutano, kisha zikaambiwa zipishe shughuli. Lakini katika mruko mmoja wa mchezaji mna somo la fizikia ambalo mwalimu wa sekondari angeweza kulifundisha kwa saa ya mkononi na kipande cha chaki ukutani, bila maabara. Mna pia somo la afya na la usalama wa majini. Wanafunzi wa Kisorya hawana haja ya ndege ya Bordeaux kujua kukosa uzito kukoje. Wamekwisha kuonja mara nyingi, theluthi mbili za sekunde kila safari.

Waliobahatika kukaa angani kwa miezi hurudi wakiwa wamebebwa kwenye viti, miguu ikiwa imesahau kazi yake, na hujifunza upya kusimama. Wakati huo, mtoto aliyeruka pale gatini ameshatua, ameibuka, na anakimbia kupanga foleni ili aruke tena.